Tamko kwa Umma: Anayeuguzwa Nyumbani Agharamiwe Akiwa Bado Hai

Limetolewa Dar es Salaam na Kamati ya Utendaji, kwa niaba ya wanachama wote, katika Siku ya Huduma Shufaa Duniani



Chama chetu kinaunganisha wauguzi, matabibu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na ndugu wa wagonjwa, watu wanaouguza majumbani wale ambao ugonjwa wao hauna tena tiba ya kuuponya. Leo ni Jumamosi ya pili ya Oktoba, siku inayotengwa kila mwaka kwa ajili ya huduma shufaa. Tunaitumia kusema juu ya jambo moja: nani anabeba gharama za mtu anayemalizia maisha yake nyumbani hapa Tanzania, na nani anapaswa kuzibeba.

Anayezibeba sasa anajulikana mtaa mzima. Ni binti aliyefunga genge lake la mboga kwa sababu mama hawezi kuachwa peke yake. Ni mke aliyeuza cherehani. Ni kijana anayetuma pesa kwa simu kila mwisho wa wiki mpaka naye anaanza kukopa. Serikali, bima na waajiri huonekana kwa nadra katika miezi hiyo. Hata jamii yetu, ambayo kwa kushikana katika msiba haina mpinzani, hufika mhusika akiwa ameshafumba macho.

Tazameni sheria yenyewe. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, kinampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo anapofiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Kwa mtoto, sheria imeona mbali zaidi, kwani siku hizo hutolewa hata mtoto akiugua. Lakini mama mzazi aliyelala na saratani ya mlango wa kizazi, asiyeweza kujigeuza wala kwenda msalani, hana siku hata moja katika kifungu hicho mpaka afe. Wapo waajiri wema wanaoruhusu, na tunawashukuru. Ila wema wa bosi hauwezi kuitwa haki, na anayeajiriwa kwa kibarua cha kutwa hana hata wa kumwomba.

Desturi zetu nazo zimefuata mkondo huohuo. Karibu kila mtaa una kikundi cha kufa na kuzikana, na katiba yake huandikwa kwa uangalifu: sanduku au sanda, turubai, viti, chakula cha waombolezaji, gari la kusafirisha mwili. Wanachama wetu wameona mara nyingi nyumba iliyokosa pesa ya pampasi na glavu wiki nzima ikipata, siku moja baada ya kifo, basi la kwenda Kilimanjaro au Mbeya na ng'ombe wa kuchinja. Hatusemi hivyo kwa kudharau msiba. Kuzikana ni utu, na nchi iliyopoteza utu huo imepoteza mengi. Tunachosema ni kwamba mikono ileile, na mara nyingine daftari lilelile la michango, vingeweza kufika miezi miwili mapema na kumkuta mtu anayesikia maumivu.

Gharama zenyewe hazizungumzwi kwa sababu zinaingia kidogo kidogo. Mgonjwa wa kitandani asiyezuia haja anahitaji pampasi 3 au 4 kwa siku, yaani kati ya 90 na 120 kwa mwezi. Anahitaji sabuni, shuka za kubadilisha, mpira wa kutandika, shashi za kufungia vidonda, dawa ya maumivu na ya kulainisha choo. Godoro la kawaida humletea vidonda vya mgongo na nyonga asipogeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, usiku na mchana, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja kwa wiki nyingi bila naye kuugua. Akihitaji oksijeni, bei hupanda kwa kiwango ambacho kaya nyingi haziwezi. Teksi au bajaji ya kumpeleka kliniki huwa ghali kuliko kliniki yenyewe, maana hawezi tena kukaa kwenye daladala. Juu ya yote hayo kuna kipato cha anayeuguza, ambacho hakuna risiti yake. Kwa sehemu kubwa, anayeuguza ni mwanamke.

Kuna pia fedha zinazotumika kwa kutoelewa, na hapa lawama haiwaangukii ndugu. Familia ambayo haikuambiwa ukweli kuhusu ugonjwa itaendelea kutafuta hospitali ya tatu na ya nne, itauza kiwanja, itakodi gari la wagonjwa kwenda mkoa mwingine, kwa ajili ya mtu aliyebakiza siku chache na aliyekuwa akiomba kulala chumbani kwake. Daktari anayesema "mrudisheni nyumbani" bila kueleza watamfanyia nini huko amewaacha na hofu kwamba wamempeleka mtu wao akafe. Kwa hiyo wanarudi naye hospitalini usiku, wanalipa tena, na wengine mgonjwa huwafia njiani.

Huduma shufaa ni matunzo yanayomwondolea mgonjwa maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na hofu, na yanayowaangalia pia wanaomuuguza. Huanza pale ugonjwa mzito unapogunduliwa, wala haimaanishi kwamba matibabu yamekatwa. Dawa yake kubwa kwa maumivu makali ni mofini ya kunywa, inayotengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji na kihifadhi, na gharama yake ni ndogo. Hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Hufunga choo, kwa hiyo huambatana na dawa ya kulainisha. Ikitolewa kwa kipimo sahihi kwa ajili ya maumivu, haiharakishi kifo, wala mgonjwa hageuki teja. Tunalisema hili kwa sauti kwa sababu wapo ndugu wanaoificha chupa, na wapo wahudumu wa afya wanaoogopa kuiandika.

Katika siku za mwisho kabisa mwili huacha kutaka chakula. Mgonjwa hulala zaidi, mikono na miguu hupoa, pumzi hukatika na kurudi, na kifua huweza kukoroma. Kumlazimisha uji humpalia. Dripu katika saa hizo mara nyingi huongeza maji kwenye mapafu na uvimbe, na haimrudishii nguvu. Kinachomfaa ni pamba yenye maji midomoni, kulazwa ubavu, dawa yake ya maumivu, mkono wa mtu anayempenda, na maneno ya imani yake: Muislamu alakiniwe shahada, Mkristo aitiwe padri au mchungaji. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu mwenye ujuzi aje nyumbani ayaonyeshe, na ziara hiyo ndiyo ambayo mpaka leo haina mlipaji anayeeleweka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 wanahitaji huduma shufaa kila mwaka, na ni kama asilimia 14 tu wanaoipata. Tume iliyoandaliwa na jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani karibu 300 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata sehemu ya kumi ya tani moja. Hapa kwetu, wagonjwa wengi wa saratani hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, kisha hurudi makwao Simiyu, Kigoma au Lindi, mbali na chupa inayofuata ya mofini.

Majirani zetu wametangulia. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, ilianza na mofini ya maji na ziara za nyumbani. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, kwa sababu vijijini daktari ni adimu. Ng'ambo ya bahari yetu hiihii, katika jimbo la Kerala nchini India, majirani walianza tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuchanga kiasi kidogo kidogo na kujifunza kuwahudumia wagonjwa wa mtaani kwao, na mwaka 2008 serikali ya jimbo ikatunga sera ya kuwaunga mkono. Nasi tuna wa kujifunza kwao nyumbani: huduma za Selian huko Arusha na Muheza mkoani Tanga zimewafikia wagonjwa majumbani kwa miaka mingi. Lakini huduma za aina hii nchini zimetegemea mno makanisa na wafadhili, na mradi unapofungwa, pikipiki ya muuguzi nayo huegeshwa.

Kwa Wizara ya Afya na vyombo vinavyosimamia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, tunadai kwamba ziara ya nyumbani ya muuguzi wa huduma shufaa iingizwe kwa jina lake katika kitita cha msingi cha mafao, pamoja na mofini ya kunywa na vifaa vya mgonjwa wa kitandani. Mfumo wetu wa malipo umejengwa juu ya kituo: kumwona daktari, kipimo, kitanda cha wodi, dawa za dirishani. Kaya iliyochangia bima, na mzee wa miaka 60 asiyejiweza mwenye haki ya kutibiwa bila malipo, wote haki yao huishia getini. Mfuko unaokubali kulipia wodi usikatae kulipia bodaboda ya muuguzi, ambayo ni nafuu zaidi na ndiyo mgonjwa anayoihitaji.

Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 umelenga kuwaandaa zaidi ya 137,000 nchi nzima. Wafundishwe kumgeuza mgonjwa, kusafisha kinywa na vidonda, kutambua maumivu na kujua wampigie nani simu. Na wauguzi na matabibu waliofunzwa wapewe ruhusa ya wazi ya kuandika mofini. Udhibiti wa dawa za kulevya ni wa lazima na tunauheshimu, ila haukukusudiwa kumwacha mwenye saratani ya mifupa akilia usiku kucha.

Kwa Bunge tunaomba kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kirekebishwe ili mfanyakazi apate likizo yenye malipo ya kumuuguza mzazi au mwenza aliyethibitishwa kuwa katika hatua za mwisho. Waajiri wasingoje sheria ibadilike.

Kwa hospitali: msimtoe mgonjwa wodini bila mambo matatu, yaani maelezo ya kweli kwa mgonjwa na ndugu aliyemchagua, dawa za kutosha mpaka tarehe ya kurudi, na namba ya simu ya mhudumu atakayepokea. Ndugu, mnayo haki ya kuyadai hayo kabla ya kusaini karatasi za kutoka. Mwoneni pia afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla deni halijakua. Na kifo kikitokea nyumbani, toeni taarifa kwa mtendaji wa mtaa au kijiji na mkisajili kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) ndani ya siku 30, kwa maana bila cheti cha kifo mirathi na akaunti za benki hukwama, na mjane ndiye anayehangaika.

Tumebakiza vikundi vya kufa na kuzikana, vikoba, jumuiya ndogondogo na kamati za misikiti, na kwenu tuna tumaini kubwa kuliko kwa yeyote, kwa kuwa ninyi hamngoji bajeti. Tunaomba sehemu ya fao la msiba itolewe mgonjwa akiwa bado hai. Tunajua pingamizi litakalotolewa: kumchangia mtu aliye hai kwa fungu la msiba ni kumchuria. Tunaliheshimu, maana limetoka kwenye upendo. Lakini mgonjwa mwenyewe hachuriwi na shuka safi. Fungu hilo lipewe jina jingine kabisa, liitwe la kuuguzana. Liombwe kwa ridhaa ya mgonjwa, kwa barua ya muuguzi au daktari, na ugonjwa wake ujulikane kwa mweka hazina peke yake. Robo ya fao la msiba ikitolewa mapema inaweza kulipia pampasi, nauli na posho ndogo ya jirani anayepokea zamu ili binti alale. Robo tatu zilizobaki zitatosha kumsitiri marehemu kwa heshima, na wanaotaka kuongeza siku ile hawatazuiwa.

Viongozi wa vikundi, tunawaomba mlifikishe jambo hili kwenye kikao chenu kijacho, mlipigie kura, na mkiridhia mliandike katika katiba zenu kabla ya mwaka kuisha.