Wapangaji wa Busia na Tororo, Tusihame kwa Vitisho



Kila mwisho wa mwezi huja afisini wenzetu ambao shida yao si mshahara bali nyumba. Mmoja ameambiwa ahame kabla ya Jumapili. Mwingine ametoka zamu ya usiku akakuta kufuli mpya mlangoni, watoto wako nje na sufuria. Mara nyingi sababu ni moja: mwenye nyumba amepata mtu wa kulipa zaidi. Sisi twasema jambo hili ni la chama, maana nyongeza tunayoipigania kwa mwajiri huliwa na kodi kabla ya kumfikia mama watoto.

Kwanza tuelewe kwamba Busia ni mji mmoja wenye sheria mbili. Wako wenzetu wanaolala Uganda na kufanya kazi Kenya, na wengine kinyume chake. Sheria ya nyumba haitazami kitambulisho chako wala kiwanda chako. Hutazama ardhi ambapo chumba kimejengwa. Mkenya aliyepanga Tororo yuko chini ya sheria ya Uganda.

Huko Uganda ipo Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022. Kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, isipokuwa waziri ametangaza kiwango kingine. Tuseme muzigo wako walipa shilingi 80,000. Mwenye nyumba akidai 120,000, mkumbushe kwamba mwisho wake ni 88,000. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi apewe notisi ya siku 30. Hata siku hizo zikiisha, wa kukutoa ni mahakama, si kufuli, si kung'oa mabati, si vijana wa kukodiwa. Anayemfukuza mpangaji bila amri ya mahakama aweza kutozwa faini au kufungwa hadi mwaka mmoja. Lakini tusidanganyane: ukikaa zaidi ya siku 30 bila kulipa, mwenye nyumba naye ana haki ya kwenda mahakamani, na chama hakitamtetea mtu anayekunywa kodi yake.

Sheria hiyo ina tundu. Yataka maandishi kwa mapatano ya thamani ya shilingi 500,000 au zaidi. Vyumba vingi vya wafanyakazi hupangwa mwezi kwa mwezi na havifiki hapo, basi mapatano hubaki ya mdomo. Siku ya ugomvi mwenye nyumba husema hakukubaliana nawe hivyo, nawe huna hata kikaratasi. Kwa hiyo hata kwa chumba cha 50,000 andikeni, wote wawili mtie sahihi, na shahidi awepo.

Upande wa Kenya mambo yamegawanyika. Nyumba ya kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi ina baraza lake la kodi, na mwenye nyumba hawezi kukutoa bila ruhusa ya baraza. Kiwango hicho ni cha zamani mno, na kwa maoni yetu ni aibu, kwa kuwa anayelipa 3,000 si tajiri. Huyo hutegemea Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012: anayelipa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua mwezi, nayo iishe siku ya kulipa kodi. Kuambiwa tarehe 20 uhame tarehe 5 si notisi.

Na mkataba wa mwaka ukiisha bila neno, nawe ukaendelea kulipa naye akapokea kwa miezi 2, sheria hiyo hukuhesabu mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Hawezi tena kukuita mvamizi. Ndiyo maana twawaambia msifute ujumbe wa M-Pesa! Ukilipa taslimu kwa keateka, dai risiti pale pale.

(Wenye vibanda na hoteli nchini Kenya wana sheria yao tangu 1965, na notisi yao ni miezi 2. Hiyo tutaieleza toleo lingine.)

Aliye na notisi mkononi hivi sasa asingoje siku ya mwisho. Aje afisi ya tawi baada ya zamu, alete notisi yenyewe, risiti zote na simu yake, na aendelee kulipa kodi ya zamani tarehe ile ile. Ikikataliwa, alipe mbele ya shahidi, aandike tarehe na jina la shahidi huyo.