Nembo Haisimami kwa Wino

Katika lugha yetu neno nembo lina maana mbili zilizo ndugu. Nembo ni alama itambulishayo taifa, shule au shirika. Na nembo, tangu zama za kale, ni chale iliyochanjwa katika ngozi ya binadamu kwa urembo na utambulisho. Hakuna mwanafunzi anayeicheka nembo iliyoshonwa kwenye mfuko wa shati lake. Lakini wako wengi, na wasomi wamo miongoni mwao, wanaoicheka nembo iliyo usoni mwa bibi kizee wa Newala au Tandahimba. Makala haya yanakusudia kuwapinga watu hao. Aidha, yanakusudia kuwapinga wale wanaodhani kwamba alama yoyote, ikishatiwa mwilini kwa sindano, imekwisha kuwa kumbukumbu ya kudumu. Makundi haya mawili hujiona kuwa yanapingana. Kumbe kosa lao ni moja. Yote mawili huitazama ngozi, wala hayaitazami maana.

Hebu tuiangalie kazi yenyewe. Wamakonde, wakaao pande zote mbili za Mto Ruvuma, yaani katika uwanda wa juu wa Newala huku Tanzania na ule wa Mueda kule Msumbiji, huziita alama hizo dinembo, na fundi wake humwita mpundi wa dinembo. Fundi huyo alichanja ngozi kwa kisu kidogo, kisha akasugua ndani ya chale unga wa mkaa wa mbarika, hata kidonda kilipopona ikabaki rangi ya buluu iliyokoza. Alichora mistari, pembe zilizopandana, meno ya msumeno, duara na nukta, usoni, kifuani na tumboni. Mara nyingi kuchanja mara moja hakukutosha, ikabidi kisu kirudi palepale. Aliyeyavumilia hayo alihesabiwa na jamaa zake kuwa amekomaa. Basi mchoro ulikuwa na jina lake, ulikuwa na mahali pake mwilini, na juu ya yote ulikuwa na watu waliojua kuusoma. Hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake. Mkaa uliitunza rangi. Jamii iliitunza maana.

Zama za ukoloni ziliziita alama hizo ushenzi. Ni ajabu kwamba kasumba hiyo ingali hai vinywani mwa watu waliozaliwa miaka mingi baada ya bendera ya mkoloni kuteremshwa. Wapo pia wanaotoa hoja iliyo bora zaidi: kwamba alama ya kabila humtenga Mtanzania na Mtanzania mwenzake. Hoja hiyo hatuidharau. Kule Msumbiji, FRELIMO, iliyoongoza vita vya ukombozi hadi uhuru wa mwaka 1975, ilitangaza waziwazi kuupinga ukabila, na ilikuwa na sababu zake. Lakini ukabila ni tabia ya moyo, si mstari wa shavuni. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa na meno yaliyochongwa kwa desturi ya Wazanaki. Kwa meno hayohayo alisoma Edinburgh, akaihutubia dunia, na mwezi Desemba 1962 akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Nani atathubutu kusema kwamba meno yale yalimpunguzia utaifa?

Tena tutazame jinsi wageni wanavyozithamini sura hizi tunazozicheka. Wachongaji wa vinyago vya ngoma ya mapiko huonyesha chale za usoni kwa kuchora mti au kwa kubandika nta. Vinyago hivyo husafirishwa ng'ambo na kuwekwa katika makabati ya vioo. Mwaka 1984 kinyago kimoja cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kikaonekana baadaye katika jumba la makumbusho huko Geneva, na hakikurudishwa nchini hadi mwaka 2010. Serikali ilidai, majadiliano yakafanyika, mti ukarejea nyumbani. Tulifanya vema. Lakini ni utamaduni gani huu unaokidai kinyago kutoka Uswisi, kisha ukamtazama kwa kejeli mzee mwenye nembo hiyohiyo, aliye hai, aliyeketi kando yetu ndani ya basi?

Sasa tuligeukie kundi la pili. Kijana wa mjini huingia katika kibanda cha mchoraji, akapitisha macho kwenye picha, akachagua joka, ua, au maandishi ya lugha asiyoijua, na baada ya saa moja akatoka akijiita mtu wa kisasa. Usasa huo ni upi? Neno tatuu lenyewe limetoka kwa watu wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ambao alama zao zilikuwa na nasaba na heshima kama zetu. Wazungu waliichukua desturi hiyo, na mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York akaiandikia hataza mashine ya umeme ya kuchorea. Kilichotufikia ni mashine. Maana imebaki visiwani. Hivyo anayeikimbia mila ya bibi yake kwa kuiita ya kale huvaa mila ya bibi wa mwingine, tena bila kuijua. Siku mapenzi yanapokwisha, jina la mpenzi hubaki mkononi. Na siku ya kuomba kazi ya upolisi, tangazo humtaka mwombaji awe hana mchoro mwilini. Wino umedumu, lakini neno uliloliandika limekufa.

Je, tunataka kisu kirudi? La hasha! Chombo kimoja kikipita katika ngozi za watu wengi huweza kueneza homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Na mtoto hana uwezo wa kuridhia jambo asiloweza kulifuta. Mila iliyo hai hujua pia kuacha. Lakini kuacha desturi si kuidharau, na kuweka kisu chini si kuchoma kitabu.

Kitabu hicho ndicho kilicho hatarini. Kurasa zake ni nyuso za wazee, na kila mazishi huchukua ukurasa mmoja. Walimu, hasa wa Mtwara na Lindi, wawatume wanafunzi wao kwa babu na bibi wakiwa na daftari na penseli, kwa adabu na kwa idhini: waulize jina la kila alama, nani aliichanja, na ilisema nini kwa aliyeiona. Michoro hiyo ikisha kuwa kwenye karatasi, na ifumwe katika nguo, ichongwe milangoni, ipambe vitabu vyetu. Na kijana atakaye alama ya kudumu ajiulize kwanza kama yuko mtu mwingine awezaye kuisoma. Nembo isiyo na msomaji ni kovu tu.