Tamko Kuhusu Neno «Mum» la Walawi 21 na Hadhi ya Waumini Wenye Ulemavu wa Meru na Embu

Sisi, waumini wenye ulemavu wa kaunti za Meru na Embu, pamoja na wazazi wa watoto wenye ulemavu, tukiwa tumekutana na kuafikiana kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa umma, kwa viongozi wa dini na kwa mamlaka za kaunti zote mbili.

1. Mlango wa 21 wa Walawi umekuwa ukitajwa katika mahubiri, hata mazishini, kuwa hoja ya kumzuia mtu mwenye ulemavu asisome Neno, asihudumu madhabahuni wala asiteuliwe mzee wa kanisa. Wapo wanaouvuta zaidi, wakamhesabu mtu huyo kuwa amebeba laana ya ukoo. Chama hakizungumzi kama hasimu wa makanisa. Makanisa ndiyo yaliyotangulia kuwafungulia watoto wetu milango ya shule, na Shule ya St. Lucy ya wasioona kule Igoji ni ushahidi tosha.

2. Neno la Kiebrania linalotumika katika mlango huo ni «mum». Katika Biblia ya Union Version, inayosomwa na wengi wetu, neno hilo limekuwa «kilema» katika Walawi 21, «ila» katika Wimbo Ulio Bora 4:7, na «mawaa» katika Danieli 1:4. Walawi 22 hulitumia kwa wanyama wa sadaka. Walawi 24 hulitumia kwa jeraha ambalo mtu amemtia jirani yake. Orodha ya Walawi 21 ina hali kumi na mbili, miongoni mwake mkono uliovunjika na magonjwa ya ngozi, ila haimtaji kiziwi wala bubu. Anayeifanya orodha hiyo kuwa maana ya ulemavu ameongeza yasiyokuwamo na kupunguza yaliyomo.

3. Kifungu hicho kinahusu huduma ya madhabahu moja na uzao wa mtu mmoja, Haruni. Chama hakijapata kusikia mchungaji wa Meru au Embu anayedai kuzaliwa katika uzao huo. Tena kuhani mwenye «mum» hakuvuliwa ukuhani. Aya ya 22 inampa haki ya kula vitu vitakatifu, hata vile vitakatifu sana. Hakuitwa mwenye dhambi, wala wazazi wake hawakuulizwa walitenda nini. Kwa upande mwingine, 2 Samweli 14:25 inashuhudia kwamba Absalomu hakuwa na «mum» tangu wayo hadi utosi, na aliyomtendea baba yake yanajulikana. Chama hakidai kwamba kifungu hiki ni chepesi. Kilimweka mtu mbali na madhabahu kwa sababu ya mwili wake, na hatumwombi yeyote akipake rangi.

4. Makanisa yenyewe yamekwisha kusogea. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilihesabu kasoro ya mwili kuwa kizuizi cha upadri. Ile ya 1983 iliondoa kizuizi hicho.

5. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Uhuru wa kuabudu ulio katika Ibara ya 32 ni wetu pia.

6. Kwa hiyo chama kinatamka kwamba Walawi 21 si msingi halali wa kumnyima muumini yeyote huduma, sakramenti au uongozi. Hatutaki Maandiko yabadilishwe. Tunataka anayeyasoma hadharani ayafafanue, na «kilema» lisiwe jina la mtu.

7. Chama kimeazimia kwamba kila mwanachama atakayezuiwa kwa hoja hii ataandika malalamiko, au ataandikiwa, na yatawasilishwa kwanza kwa uongozi wa kanisa husika. Yasipojibiwa, yatafikishwa kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Tamko hili litasomwa kwa Kiswahili, Kimeru na Kiembu, na kutolewa kwa Lugha ya Ishara ya Kenya na kwa maandishi ya breli.