Watoke Wapime

Ujumbe wa leo ni mrefu kidogo, na watumishi wenzangu wa Mtwapa na Kikambala, naomba mniwie radhi mapema.

Fungua Kumbukumbu la Torati 21, mistari tisa ya kwanza. Maiti imepatikana shambani, aliyeua hajulikani. Mungu hakuagiza miji ianze kutajana majina. Aliagiza wazee na waamuzi watoke, wapime kutoka pale maiti ilipolala mpaka kila mji ulio jirani. Mimi huwaona na kamba mkononi, jua la mchana, kila mzee akiomba kimoyomoyo kamba isiishie kwake. Mji ulio karibu zaidi, wazee wake ndio wanaoleta ndama, ndio wanaonawa mikono, ndio wanaotamka mbele za Mungu kwamba hawakumwaga damu hiyo wala macho yao hayakuona.

Sasa tuje nyumbani. Tangu Aprili 2023, msitu wa Shakahola umefukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto ni wengi mno. Kesi za Paul Mackenzie ni za mahakama, sizigusi. Nazungumza juu yetu sisi tuliobaki tukinyoosheana vidole juu ya makaburi.

Serikali ilinyoosha kwa makanisa: yasajiliwe, yafungwe, wachungaji wasome. Sawa, mimi chuo cha Biblia nimepita na sioni ubaya wa kusoma. Lakini mtu yule alikamatwa 2017. Akakamatwa tena 2019. Machi 2023 akafikishwa kortini kwa ajili ya watoto wawili waliokufa njaa, akatoka kwa dhamana ya shilingi 10,000. Faili hizo zote zilikaa kwenye kabati za serikali, si za kanisa. Halafu Juni 2023, watu 65 waliookolewa, walipokataa chakula kwenye kituo, walipelekwa Mahakama ya Shanzu kushtakiwa kwa kujaribu kujiua, wakawekwa Shimo la Tewa. Wewe wa Mtwapa unajua, ukivuka daraja letu umefika. Mtu amebaki mifupa, akili imeshikwa na mafundisho ya kifo, na dola inamfungulia mashtaka. Hiyo ndiyo lawama ikikosa pa kwenda: humrudia yule aliyelala chini.

Wanaharakati nao. Hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu kanisani tumezoea kuwasema vibaya. Haki Africa na wenzao wa Malindi walipiga kelele mapema, wakaingia msitu ule wakati wengi wetu tulikuwa tunaandaa mikutano ya Pasaka. Mungu awalipe. Lakini baadaye wimbo ukawa mmoja tu: serikali imeua. Polisi walizembea, kweli, hata Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema hivyo 2024. Ila ukiupeleka mzigo wote Nairobi, umemwachilia jirani aliyeona watoto wakitolewa shule. Umemwachilia mjomba aliyenunua shamba kwa bei ya kutupa na hakuuliza kwa nini linauzwa. Na marehemu anakuwa picha ya bango.

Na sisi? Sisi tulisema, “Huyo si mwenzetu.” Tukaketi. Mswada wa Mashirika ya Kidini ulipofika Seneti 2024, ndipo tukaamka, tukakusanyika, tukafunga na kuomba. Mswada una kasoro zake, nami sikuunga mkono kila kifungu. Lakini nilikwenda mochari ya Malindi na nikahudhuria mikutano ya kupinga mswada, na najua ni wapi nilikutana na wachungaji wengi zaidi.

Basi kila mtu amelaumiwa. Kamati ya Seneti imelaumu, jopokazi la Rais limelaumu, mimbari zimelaumu. Mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, Kilifi hii hii, si mbali na Shakahola. Miaka miwili tu! Niambie lawama zote zile zilimzuia nani.

Mimi nimeipima kamba yangu, na naandika haya nikiona aibu. Mwaka 2021 kulikuwa na mama akiuza viazi karai hapa stendi, mwimbaji wetu wa kwaya. Siku moja akaniambia amewatoa watoto shule, shule ni mambo ya dunia. Nilibishana naye labda dakika kumi. Nilikuwa na harusi ya kufungisha. Nikamwombea, nikamwambia, “Barikiwa mama,” akaenda. Hakurudi, na sikumtafuta. Nilijiambia amehamia kanisa jingine, kama wanavyohama. Aprili 2023 dada yake alikuja kwangu na picha ya watoto watatu wamevaa sare. Tulikwenda Malindi pamoja, akatolewa sampuli ya DNA. Bado anangoja.

Njia yangu haikupita kituo cha polisi wala Seneti. Ilikuwa hatua chache kutoka mlango wa kanisa mpaka stendi. Kwa hiyo siwezi kusimama na wale wazee nikasema macho yangu hayakuona.

Jumamosi hii saa mbili asubuhi naanza kuzunguka na daftari la ushirika la 2019. Kuna majina 14 ambayo sijui yako wapi. Wazee wa kanisa watakuja nami, na mchungaji yeyote wa eneo hili mwenye daftari lake anakaribishwa. Kama wewe ni mmoja wa hao 14 na unasoma hapa, sikuiti urudi kanisani kwangu. Nitumie ujumbe tu, uniambie uko wapi, na kama watoto wanakula.