Kifungu cha 4 na akidi ya marehemu

Mara mbili mkutano mkuu wa jumuiya ya wenye asili ya Burundi umeitishwa Buzuruga, na mara mbili umevunjika kwa kukosa akidi. Ajenda ni ileile: kifungu cha 4 cha katiba, kinachompa kura mwanachama "aliyeingia nchini mwaka 1972" peke yake. Wazee hawataki kiguswe. Vijana wanasema wamesusa; ukweli ni kwamba wengi hawajakisoma.

Ung'ang'anizi wa wazee una chimbuko. Waliokimbia mauaji ya utawala wa Rais Micombero wa Burundi walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, wakafyeka pori wakalima huku masikio yakiwa Burundi. Mishamo hiyohiyo ndiko Rémi Gahutu alikoanzisha chama cha Palipehutu mwaka 1980. Kwa kizazi hicho siasa ni kurudi: shamba la baba, Rais Ndadaye aliyeuawa Oktoba 1993, Mkataba wa amani wa Arusha wa 2000.

Mjukuu wao Kirundi anakiambulia misibani. Kisukuma anakimwaga stendi bila kigugumizi, na siasa yake ni ushuru, diwani na kitambulisho cha NIDA.

Lakini wazee wenyewe walikwisha kuamua. Mwaka 2007 wakazi wa makazi hayo matatu walipoulizwa, karibu wanne kati ya kila watano walichagua Tanzania. Zaidi ya 162,000 walikubaliwa uraia mwaka 2010, kisha wakasubiri vyeti hadi Oktoba 2014 kwa sababu ya sharti la kuhama makazi hayo, lililofutwa baadaye. Na kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha, walitakiwa kuukana ule wa Burundi. Leo mtu huyohuyo anamnyima mwanawe kura kwa kosa la kutotoka Burundi!

Jambo linaloukwamisha mkutano hasa ni rejista. Akidi ni nusu ya majina yaliyomo, na majina ya waliokwisha kutangulia mbele ya haki hayajafutwa. Marehemu hawaji mkutanoni, ila wanahesabiwa.

Katibu anapokea majina yao hadi siku 7 kabla ya mkutano, kwa maandishi, si kwa kunong'onezwa sokoni. Familia ziyapeleke wiki hii. Vijana wa bodaboda nao, ingawa hawana kura, wana kazi: mzee wa Nyakato mwenye magoti mabovu hafiki ukumbini kwa miguu.