Wazazi tusidanganywe na midoli inayowaka taa

Kila zinapokaribia sikukuu za Idi na Krismasi, maduka ya Bujumbura na ya hapa kwetu Rumonge hujaa vichezeo vya plastiki kutoka ng'ambo. Kuna simu bandia zinazoimba, magari yanayowaka taa na midoli inayolia ikibonyezwa. Akina mama waliotoka kuuza ndagala na mawese husimama mbele ya meza za wachuuzi wakihesabu faranga zao. Mwenye uwezo hununua. Asiye nao huondoka akiamini kuwa mwanawe mchanga amekosa kitu kitakachomfungua akili.

Imani hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga leo. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini. Nilizaliwa na kusoma Tanzania, katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, kwa wazazi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, nikarejea nyumbani mwaka 2009. Kule Katumba tulichezea magunzi ya mahindi, makopo na mipira ya majani makavu ya migomba. Sisemi haya kuusifu umaskini. Nasema kwa sababu utaalamu wa leo unaonyesha kuwa vitu vya namna hiyo, vikiwa safi na mtu mzima akiwa karibu, vinaweza kumfaa mtoto kuliko mashine nyingi za dukani.

Ushahidi upo. Mjini Kingston, Jamaica, mwaka 1986 na 1987, watafiti walichukua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka familia maskini. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa jamii kwa saa moja kila wiki, kwa miaka miwili. Wahudumu hao walibeba vichezeo vilivyotengenezwa kwa mikono kutokana na vitu vya kawaida, wakawaonyesha akina mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na watoto wao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, watoto hao wakiwa wamekuwa watu wazima, yalionyesha kuwa waliotembelewa walipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa.

Burundi haiwezi kuisoma habari hiyo kama ya nchi ya mbali. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Tunapolizungumzia tatizo hili tunataja uji, maharage na maziwa, na ni haki kabisa. Lakini ubongo wa mtoto unahitaji pia kusemeshwa na kuchezeshwa.

Na hapo ndipo midoli ya betri inapotudanganya. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2015 uliwachunguza wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 hadi 16. Wazazi walipotumia vichezeo vya umeme walisema maneno machache kuliko walipotumia vichezeo vya kawaida au vitabu vya picha. Mdoli ukiimba, mama hunyamaza. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikawashauri wazazi kuchagua vichezeo rahisi vinavyowakutanisha mzazi na mtoto. Na simu ya mkononi tunayompa mtoto ili atulie? Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa.

Basi tumpe nini? Mtoto aliyezaliwa juzi huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani umbali wa uso wa mama anapomnyonyesha. Kichezeo chake cha kwanza ni uso huo. Akifikia miezi mitatu au minne huanza kunyoosha mkono kushika. Mpe kitambaa safi cha kitenge, au kijiko cha mti kisicho na ncha. Mlaze kifudifudi mkekani akiwa macho, umkalie karibu, ili shingo na mgongo vikomae. Karibu na miezi sita huhamisha kitu kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na kila kitu hukipeleka mdomoni. Karibu na miezi minane huanza kuelewa kuwa kitu kilichofichwa bado kipo; funika kikombe kwa kitambaa, umuulize kiko wapi. Kuelekea mwaka mmoja atafurahia kutia vitu ndani ya sufuria na kuvitoa. Taja jina la kila kitu anachokishika, kwa Kirundi au Kiswahili, lugha yoyote unayoimudu.

Usalama ndio sharti la kwanza. Kitu kinachoweza kupita katika bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto kooni. Maharage, vifuniko vya chupa na shanga viwe mbali naye. Betri ndogo bapa za mviringo ni hatari kuliko zote, kwani ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza ndani kwa muda wa saa mbili. Mtoto akiimeza apelekwe hospitali mara moja. Rangi inayobanduka nayo iepukwe, maana inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huudhuru ubongo.

Najua nitaambiwa kuwa mama anayeamka alfajiri kwenda shambani hana nafasi ya kucheza. Ni kweli, na kumlaumu si haki. Lakini mtoto aliye mgongoni anaweza kusemeshwa njiani, na anayeogeshwa anaweza kuchezea kikombe cha maji. Na baba je? Anayepata nafasi ya kukaa na wenzake jioni hakosi robo saa ya kukaa na mwanawe.

Serikali nayo ina wajibu. Tayari tunao wahudumu wa afya wa jamii na akina mama wanaofundisha wenzao lishe vilimani. Akina mama wanapokusanyika kupima uzito wa watoto na kupika uji, iongezwe nusu saa ya kuonyeshana vichezeo vya nyumbani na namna ya kuvitumia. Hatuhitaji majengo mapya wala fedha za kutisha. Panahitajika mafunzo na usimamizi. Ofisi ya viwango nayo ikague midoli inayoingizwa nchini, hasa ile ambayo betri zake hufunguka kirahisi.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi walimu tunawapokea watoto wakiwa tayari wamepita miaka yao ya kwanza, na asiyesemeshwa nyumbani huanza masomo akiwa nyuma ya wenzake. Wazazi wenzangu, faranga za mdoli nunueni mayai. Kisha keni mkekani, mcheze na watoto wenu.