Kutapika Baada ya Upasuaji Kuzuiwe Mapema

Mtoto aliyepasuliwa ngiri au tonsili asubuhi mjini Kitui na kuruhusiwa jioni bado ana safari. Kama kwao ni Tseikuru, ana zaidi ya kilomita 100 mbele yake, sawa na wa Mtito Andei aliyetibiwa mjini Wote, Makueni. Akianza kutapika ndani ya matatu, maji yanatoka, dawa ya maumivu inatoka, na mama hana muuguzi wa kumwita. Tumezoea kusema hiyo ni nusukaputi tu, itaisha. Kwa mtoto wa mbali kauli hiyo haitoshi: kutapika kuzuiwe angali katika chumba cha upasuaji.

Na kunazuilika. Mwaka 2004 Eberhart na wenzake, Ujerumani, walionyesha mambo manne yanayoongeza hatari: upasuaji wa dakika 30 au zaidi, umri wa miaka 3 kwenda juu, upasuaji wa makengeza, na mtoto au jamaa wa karibu kuwahi kutapika baada ya upasuaji. Asiye na hata moja, hatari ni takriban asilimia 9. Mwenye yote, asilimia 70. Kujua hayo hakuhitaji mashine, ni kumuuliza mama tu. Kwa tonsili, uchambuzi wa Cochrane wa 2011 ulikuta kwamba dozi moja ya deksamethasoni inapunguza uwezekano wa kutapika kwa nusu hivi. Ondansetroni nayo inasaidia, na mwenye hatari kubwa hupewa zote mbili.

Wapo watakaosema kaunti hazina pesa. Lakini dawa hizi ni za kawaida, zimo katika orodha ya dawa muhimu za watoto ya Shirika la Afya Duniani, na kitanda cha usiku mmoja ni ghali kuzishinda. Hoja ya madhara ina uzito zaidi: ondansetroni haimfai mwenye hitilafu fulani za mapigo ya moyo, na deksamethasoni ni hatari kwa mwenye saratani ya damu ambayo haijagunduliwa. Hiyo ni sababu ya kumchunguza mtoto na kumpima uzito kabla ya dozi, si ya kuwanyima wote. Tena lipo jambo lisilogharimu chochote. Utafiti wa Philadelphia wa 1992 ulionyesha kwamba watoto waliolazimishwa kunywa kabla ya kuruhusiwa walitapika zaidi ya walioachwa wanywe wakitaka. Basi wauguzi wa Kitui na Makueni, msimshurutishe mtoto kunywa. Nanyi wazazi, kabla hajaingizwa ndani ulizeni: amepangiwa dawa gani ya kuzuia kutapika?